Maneno Hayachimbi Mfereji

Katika milima ya Upare wako wazee waliojenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huingia ndivani usiku kucha, na asubuhi mlango hufunguliwa, yakateremka kwa mifereji hadi mashamba ya chini. Kila shamba lina zamu yake. Kila mwenye zamu anaijua siku yake na mpaka wa haki yake, na anayechepusha maji ya mwenzake hutozwa faini. Tope likijaa, au ukingo ukibomoka, mbiu ya msaragambo hupigwa, na kila kaya hutoa mtu wa kushika jembe. Asiyefika hudaiwa. Wazee hao hawakuandika kitabu cha mpango, wala hawakuunda kamati ndogo ya kuchunguza uwezekano wa kuunda kamati kubwa. Hata hivyo maji yalifika shambani, miaka nenda miaka rudi.

Tumeanza na ndiva kwa makusudi. Iko kasumba tuliyorithishwa na wakoloni, na ambayo baadhi yetu tunaitumia hata leo kwa kicheko, isemayo kwamba Mwafrika ni hodari wa maneno na mzito wa vitendo. Kwamba haijui saa, wala hawezi kukimaliza alichokianza. Watu wakichelewa mkutanoni tunasema hiyo ndiyo "saa ya Kiafrika", kana kwamba uzembe ni sehemu ya mila. Wapare, pamoja na Wachaga waliochimba mifereji katika miteremko ya Kilimanjaro, wanaisuta kasumba hiyo. Mfereji haungoji. Usipofukuliwa, maji hayafiki, na maji yasipofika, watoto hawali. Watu walioishi kwa nidhamu hiyo kwa vizazi vingi hawakuwa wageni wa kazi wala wa wakati. Kwa hiyo ugonjwa tunaotaka kuupiga vita katika makala haya haukuzaliwa na utamaduni wetu. Ni mgeni aliyeingia ofisini, akapewa kiti, akazoea.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Ni kule kudhani kwamba jambo likishaazimiwa limekwisha kutendeka. Idara, shirika, halmashauri, chama cha ushirika na shule, kila mmoja huketi na kupanga. Mpango huchapwa, hutiwa jalada zuri, huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, hugawiwa kwa wakuu, kisha huwekwa kabatini. Baada ya miaka mitano kabati hufunguliwa, si ili kuuliza kilichotendeka, bali ili kupata nafasi ya kuweka mpango mwingine. Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Somo hilo tumelishika nusu. Tumechagua mengi mno. Hatukukumbuka kwamba kulichagua jambo ni kujifunga kulitenda, na kukubali kwamba mengine yatangoja.

Dalili ya kwanza ya ugonjwa huu imo katika lugha yenyewe, na walimu wa Kiswahili wanaweza kuitambua upesi kuliko watu wengine. Hebu uchukue muhtasari wa mkutano wowote uusome. Utakuta humo: "Ilikubaliwa kwamba juhudi zifanywe." "Ilisisitizwa kwamba hatua zinazofaa zichukuliwe mapema iwezekanavyo." "Suala hilo litafanyiwa kazi." Ni nani atakayefanya juhudi? Ni nani atakayechukua hatua? Mapema iwezekanavyo ni Jumatatu, au ni mwakani? Kauli ya kutendwa ni pambo la lugha yetu, lakini hapa imegeuzwa pango la kumfichia mtenda. Katika sentensi hilo si kosa la sarufi. Katika kazi ni kosa kubwa, kwa sababu azimio lisilo na mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na mchungaji: kila mtu humwona akipita, na hakuna anayeulizwa anapopotea.

Watoto wote wanaijua hadithi ya panya waliokutana wakaamua kumfunga paka kengele. Azimio lilipita bila kupingwa na hata mmoja. Tunawasimulia watoto hadithi hiyo ili wacheke. Yafaa sisi wakubwa itutoe jasho.

Hata hivyo, tusidhani kwamba taifa letu halijapata kutenda vingine. Uko ushahidi wa kinyume, nao tunaufahamu wote. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere, katika salamu zake za kuuaga mwaka 1969, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kama mambo yangeishia katika tangazo, leo tungekuwa na hotuba moja zaidi maktabani. Lakini kazi iligawanywa. Wizara ya Elimu ilikuwa na kurugenzi yake ya elimu ya watu wazima. Mikoa na wilaya zikapata maofisa wa kazi hiyo. Shule za msingi zikafanywa vituo, na mwalimu mkuu wa shule akawa mtu wa kuulizwa. Zilichaguliwa wilaya sita za kuanzia, yaani Ukerewe, Mafia, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Dar es Salaam, zikapewa lengo la kuufuta ujinga huo kabla mwaka 1971 haujamalizika. Katika mikoa ya Ziwa, ambako mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza mwaka 1968, viliandikwa vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyohusu pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji, ili mkulima akutane kitabuni na kazi anayoijua.

Kisha, mwaka 1975, taifa lilifanya jambo ambalo wapangaji wengi huliogopa: lilijipima. Mtihani wa kusoma na kuandika ulitolewa nchi nzima mwezi Agosti, na ikajulikana kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka 1977 walikuwa asilimia 27, na ilipofika mwaka 1986 walihesabiwa kuwa asilimia 10 hivi. Wale waliosema kwamba mzee wa miaka sitini hawezi kushika kalamu walinyamazishwa na wazee wenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wengi wanakumbuka jina lake na nyimbo zake. Wachache wanakumbuka namna ilivyotayarishwa. Haikuanza kwa ukubwa ule. Elimu kwa vikundi vya redio ilijaribiwa kwanza katika kampeni ndogo za mwaka 1969 na 1970, ikakuzwa mwaka 1971 katika kampeni ya Wakati wa Furaha, makosa yakaonekana na kusahihishwa. Ndipo mwaka 1973, baada ya kuwafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000 na kusambaza vitabu, matangazo ya majuma kumi na mawili yakaanza, na watu karibu milioni mbili wakaketi katika vikundi kusikiliza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kikundi hakikuruhusiwa kuishia katika kusikiliza. Baada ya mazungumzo kiliulizwa kitafanya nini. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Kumbe mkutano unaweza kuzaa choo, iwapo watu wanatoka mkutanoni wakiwa na jembe na siku.

Hapa tutaambiwa: siku zile fedha zilikuwapo. Tunakataa. Tanzania ya mwaka 1970 haikuwa tajiri kuliko ya leo. Walimu wengi wa elimu ya watu wazima walikuwa watu wa kujitolea waliopewa posho ndogo. Darasa mara nyingi lilikuwa kivuli cha mwembe. Msaada wa nje ulikuwapo, na hatuuficha, lakini msaada haukumtoa mama wa Ukerewe nyumbani kwake jioni, akiwa amechoka, kwenda kujifunza a, e, i, o, u. Fedha huharakisha kazi yenye mwenyewe. Kazi isiyo na mwenyewe, fedha huigeuza kuwa semina.

Sasa tuutazame upande wa pili, nao unawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko mtu yeyote. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Ilitarajiwa kwamba sekondari zingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Serikali ilipotoa uamuzi wake mwaka 1984, pendekezo hilo halikupita. Hatuna ugomvi mkubwa na uamuzi huo kwa upande wa utaratibu: azimio lililokataliwa waziwazi lina mwisho wake, na watu wanajua walipo. Ugomvi wetu ni na yaliyofuata. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi mpango maalumu wa kuwezesha Kiswahili kitumike katika ngazi zote za elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikasema vivyo hivyo kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Maazimio haya mawili hayakukataliwa. Yalikubaliwa, yakapigiwa makofi, yakaachwa, hata sera yenyewe ya 2014 ikafikia kutolewa toleo jipya mwaka 2023, na kijana wa kidato cha kwanza katika shule ya serikali angali akisoma hesabu, fizikia, baiolojia na jiografia kwa Kiingereza.

Wala haikuwa kwamba zana zilikosekana kabisa. Baraza la Kiswahili lilianza kutoa istilahi zake katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu tangu mwaka 1974. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na istilahi za baiolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wataalamu walileta matofali, wakayapanga uwanjani. Mvua ikanyesha juu yake, jua likawaka juu yake, na nyumba haikujengwa, kwa sababu hakuna fundi aliyetajwa kwa jina wala siku ya kuweka msingi.

Yuko atakayesema kwamba Kiingereza kina manufaa yake. Tunakubali, na hatuandiki haya ili kukifukuza shuleni. Lakini hata mpenzi wa Kiingereza hana la kujivunia hapa, maana tangu sekondari ziachwe kwa Kiingereza tumesikia vilevile maazimio mengi ya kukiimarisha, nayo yamekuwa na bahati ile ile. Matokeo tunayaona darasani. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza. Akitazama nyuma akaona macho yasiyoelewa, hufunga mlango na kueleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kama mtu anayetenda kosa. Mwanafunzi huelewa kwa Kiswahili namna jani linavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, kisha mtihani humtaka aeleze kwa lugha ambayo hajaiweza. Basi hukariri. Akifeli, tunaandika katika kumbukumbu kwamba ni mzito. Huyo ndiye anayelipa gharama ya azimio lisilotekelezwa. Waliopitisha azimio wamekwisha kupanda cheo au kustaafu. Yeye amerudi kijijini akiamini kwamba hana akili.

Kwa nini kazi ya kwanza ilifanikiwa na ya pili ikafa? Si kwa sababu ya kwanza ilikuwa rahisi. Kuwafundisha mamilioni ya watu wazima kusoma ni mzigo mzito kuliko kuandika vitabu vya vidato vinne. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilikuwa na mwenyewe wa kuulizwa katika kila ngazi. Ilikuwa na hatua ya kwanza ndogo iliyojulikana. Ilikuwa na tarehe. Ilikuwa na zana zilizofika kabla ya kazi. Na ilikuwa na siku ya kupimwa. Ya pili ilikuwa na nia njema. Nia njema, ndugu zetu, ni mbegu mfukoni.

Lakini twapaswa kujihadhari tusije tukaruka majivu tukakanyaga moto. Wako wanaosikia neno utekelezaji wakafikiri amri na haraka. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini. Azimio hilo lilitekelezwa, tena kwa kasi kubwa. Lakini katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa au kubomolewa, na vijiji vikawekwa mbali na mashamba au mbali na maji. Ofisa aliyeripoti idadi ya waliohamishwa alisifiwa kwa kutimiza lengo, ilhali lengo lenyewe, yaani maisha bora ya mkulima, lilikuwa limesahauliwa njiani. Vilevile Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, likaivuta kutoka mwaka 1989 hadi mwaka 1977. Watoto waliingia shuleni kwa wingi, na hilo ni jambo la fahari. Lakini madawati, vitabu na mafunzo ya walimu havikuweza kwenda mwendo huo huo, na ubora wa elimu ukaumia. Kutekeleza si kuhesabu watu waliosukumwa. Wazee wa ndiva hawakupima kazi kwa idadi ya majembe yaliyofika. Walitazama kama maji yamefika shamba la mwisho.

Liko onyo la pili. Moto usiochochewa huzimika. Ule ushindi dhidi ya ujinga tuliokwisha kuusimulia haukutunzwa. Hali ya uchumi iliharibika, madarasa ya jioni yakafungwa, magazeti ya vijijini yakakoma, na walimu wakakata tamaa. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hakujua kusoma na kuandika. Tulichimba mfereji, tukashangilia, tukaenda kulala, tope likajaa. Na mwaka 2013, Serikali ilipoanzisha mpango ulioigwa kutoka Malaysia na kuuita Matokeo Makubwa Sasa, jina lenyewe lilikuwa ungamo kwamba tulikuwa na mipango mingi na matokeo madogo. Dhamira ilikuwa njema. Lakini ofisi iliyoundwa kuusimamia haikudumu, maana tabia ya kutenda haiagizwi kutoka ng'ambo wala haiundwi kwa ofisi moja Ikulu. Hulelewa chini, mahali ambapo kazi inafanyika.

Na hapo chini ndipo tulipo sisi walimu. Itakuwa rahisi kumnyoshea kidole waziri na mkurugenzi, kisha tukarudi nyumbani tumeridhika. Nyani haoni kundule. Kila mwanzo wa muhula mwalimu huandika azimio la kazi, na kila siku huandika andalio la somo. Tuseme kweli: ni wangapi miongoni mwetu huandika azimio la kazi kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mwanafunzi? Ni wangapi hujaza mahali pa tathmini maneno "somo limeeleweka" kabla ya kuingia darasani? Mwalimu anayeandika hivyo hana haki ya kumcheka ofisa mwenye mpango kabatini, kwa kuwa wote wawili wanashiriki kazi moja ya kuupamba uongo kwa wino. Na mwanafunzi anamtazama. Atakapokuwa meneja wa shirika au katibu wa chama cha ushirika, atafanya kama alivyoona.

Kwa hiyo tunawataka walimu na wanafunzi waanze na mambo madogo yaliyo mikononi mwao. Baraza la wanafunzi likikutana kuzungumzia bustani ya shule, lisiruhusu muhtasari useme "bustani itaboreshwa". Liandike ni nani atakayemwagilia matuta yapi, siku gani, kwa ndoo zipi, na nani atapita Ijumaa kukagua. Mkutano ujao usifunguliwe kwa ajenda mpya kabla ya kila aliyetajwa kusimama na kusema: nimetenda, au sikutenda kwa sababu hii. Atakayekiri asitukanwe, atakayeficha asisamehewe. Likionekana azimio ambalo hakuna anayekubali kulibeba, lifutwe mbele ya wote. Kulifuta kwa uwazi ni heshima kuliko kulifuga kabatini likitudanganya. Na walimu wa Kiswahili wawafunze vijana kutoa jasho katika sentensi zao: kila kitenzi kiulizwe mtenda wake.

Tutaulizwa kama matuta ya bustani ya shule yanaweza kuliponya taifa. Sisi twajibu kwamba taifa halina mahali pengine pa kuponea. Mwalimu mkuu aliyesimamia darasa la watu wazima mwaka 1971 hakuwa mtu mkubwa, wala kiongozi wa kikundi cha redio aliyehakikisha kwamba choo cha jirani yake kimechimbwa. Walikuwa na kazi moja, siku moja, na mtu wa kuwauliza. Mzee wa Upare anayeamka alfajiri kufungua mlango wa ndiva naye hana zaidi ya hayo. Anajua kwamba chini kule yuko mtu aliyesimama shambani na jembe lake, akiyangoja maji ambayo leo ni zamu yake.